Mpimaji Anapimwa

Alikuja Jumatatu, saa ya kubonyeza shingoni
kama mwalimu wa mbio.
Bwana Mfinanga, ofisi ya takwimu.
Akaweka kiti nyuma ya bega langu la kushoto,
akasema: Endelea, daktari. Fanya kama sipo.

Chumba changu hakina dirisha.
Kilima cha Bombo chote kina upepo, ila humu.
Feni ni ya mashine, si yangu,
maana mashine ikizirai, mkoa mzima umezirai.

Karatasi yake ina safu nne.
Kifua: dakika tatu, alama moja.
Mfupa: dakika mbili, nusu alama.
Kichwa, kile cha kuingizwa kwenye tundu: alama tano.
Jumla igawanywe kwa idadi ya madaktari wa picha.
Idadi ni mimi.
Kugawa kwa moja, nikamwambia, hujaletwa mbali hivi kwa hilo.

Picha ya kwanza, goti la kijana wa bodaboda, Mabanda ya Papa.
Limevunjika waziwazi, hata mama yake angeliona.
Tiki. Dakika moja na nusu.
Bwana Mfinanga akatabasamu: Umeokoa muda.

Ya pili, kifua cha mzee Semkiwa,
miaka thelathini kiwandani, akimeza vumbi la mkonge.
Na nyuma ya moyo, pale moyo unapoficha vya kwake,
kivuli.
Au si kivuli.
Nikasogea. Nikarudi. Nikageuza nyeusi ikawa nyeupe.
Nikamtuma Mwanakombo kabatini
akatafute picha yake ya mwaka juzi, herufi S,
na S ya Tanga, ndugu yangu, ni nusu ya kabati:
Semboja, Shekiondo, Shemdoe, Singano,
bahasha za kaki zilizoshikana kwa joto.

Simu ikalia, wodi ya upasuaji.
Simu haina safu.
Mwanafunzi akagonga, anauliza maji na usaha hutofautiana vipi.
Hana safu.
Mke wa Semkiwa akachungulia mlangoni, hakuuliza neno,
akajifunga upya kanga, akaondoka.

Dakika ishirini na sita.
Nikaandika: Hakuna kitu kipya.

Akashangaa. Zote hizo, kwa hakuna?
Kwa hakuna, ndiyo.
Kilichopo hujitokeza chenyewe.
Ila kusema hakuna
sharti upite kila chumba, uinue kila mkeka,
uchungulie hadi uvungu wa kitanda,
ndipo umwambie mwenye nyumba: Lala.

Shuleni tulifunzwa mizani, nane kwa nane;
mstari ukipungukiwa, unachechemea, darasa zima linacheka.
Karatasi yako, Bwana Mfinanga,
mizani imetimia yote,
shairi ndilo halimo.

Lakini usiichane.
Miaka mitatu naomba mwenzangu mmoja tu,
najibiwa: leta takwimu.
Kuchoka si takwimu.
Ijumaa iliyopita nilisoma vifua arobaini na kimoja.
Cha thelathini na nane sikikumbuki.
Nimekitia sahihi, mwandiko ni wangu,
sikikumbuki.
Kilikuwa cha mtu.
Nilikifuata Jumamosi, bila malipo, nikakisoma upya,
kilikuwa salama, nikakaa pale sakafuni
mpaka mfagiaji akaniomba nisogeze miguu.

Hapo hakuandika chochote.

Saa saba mchana akaitazama saa yake:
tangu Semkiwa haikuzimwa.
Saa nne na dakika tisa, inakimbia.
Akataka kuifuta, uso umemwiva.
Nikamwambia: Acha. Andika hiyo hiyo,
na uandike kwamba hata wewe ulisahau.

Mwanakombo akaingia na picha nyingine.
Bwana Mfinanga akavuta kiti, mara hii ubavuni kwangu.
Hiki cheupe ni nini, akanong'ona, hiki kikubwa?

Moyo, nikamwambia.
Huo ni moyo tu. Subiri.